Taa za pointi kwenye reli ya mfano: umeme zichukue wapi ili zisidanganye

"Salaam aleikum fundi. Marehemu mjomba aliniachia reli ya mfano ya ukubwa wa OO, iko juu ya meza ya mbao ya futi nane kwa nne, nimeiweka chumba cha juu hapa Tudor, Mombasa. Ina pointi sita, yaani mahali njia inapogawanyika mbili, kila moja ina mota ya Peco PL-10 chini ya meza na vitufe viwili kwenye paneli. Watoto hawajui pointi imeelekea wapi, kwa hivyo treni inaingia njia siyo au inaanguka. Nilitaka kila pointi iwe na taa mbili, kijani na nyekundu. Nikaunga LED kwenye waya za vitufe: zinamweka mara moja na kuzima, na mbili zimeshakufa. Nikatoa vitufe vya pointi moja nikaweka swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima. Taa ilibaki inawaka, lakini muda si mrefu mota ikaanza kunuka, na sasa inavuta upande mmoja tu. Jamaa wa dukani ameniambia LED ni za volti tatu, niweke betri mbili bila rezista yoyote. Mwingine anasema nitupe mota zote ninunue zile za polepole zinazoitwa Tortoise. Umeme wa mota unatoka kwenye kidhibiti cha treni, 16V AC. Nifanye nini? Na hii mota iliyonuka imekufa?"

Wa aleikum salaam ndugu yangu, na Mola amrehemu mjomba wako. Reli ya ukubwa huo yenye pointi sita ni kazi ya miaka, na nimefurahi kwamba watoto wanaichezea badala ya kufunikwa shuka.

Umeniuliza mambo mengi lakini mzizi wake ni mmoja. Taa umeitundika kwenye umeme wa kitufe. Umeme ule umekusudiwa uje na uondoke kufumba na kufumbua, nawe unataka taa ikae. Mambo hayo mawili hayapatani, na kila ulipoyalazimisha kuna kitu kilichoungua: kwanza LED, halafu mota.

PL-10 ndani yake ina koili mbili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, na kijiti cha chuma kinachoteleza katikati. Ukibonyeza kitufe cha kushoto, koili ya kushoto inakuwa sumaku, inavuta chuma, na pini iliyo juu yake inasukuma zile reli mbili nyembamba zinazosogea, ambazo hapa nitaziita ndimi. Ukiondoa kidole, umeme umekatika na kazi imekwisha. Kinachozishikilia ndimi pale zilipo si mota. Ni springi ndogo iliyomo ndani ya pointi yenyewe. Zisogeze kwa kucha utaisikia ikiruka: tak, upande huu, tak, upande ule. Mota inapiga teke tu, springi ndiyo inayolinda.

Kwa sababu ni teke, mtengenezaji ameipa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Koili moja ina upinzani wa omu nne au tano hivi. Ipe volti 16, inakunywa karibu ampea tatu, yaani wati hamsini kasoro kidogo. Chuma changu cha solda ni cha wati 40. Basi ulipoweka swichi ya kawaida na kuiacha, ilikuwa kama kuchomeka chuma cha solda ndani ya kibweta cha plastiki chenye ukubwa wa kiberiti na kuondoka. Harufu uliyoisikia ni ya vanishi inayozifunika waya za koili. Vanishi ikiyeyuka, mizunguko inagusana, umeme unapita njia ya mkato na sumaku inapoteza nguvu.

Kama imekufa au la, hilo tusikisie, tulipime. Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye omu 200, chomoa waya za mota hiyo kabisa, kisha pima kila koili peke yake. Kwenye mota nzima koili mbili zinasoma namba moja au zinakaribiana sana. Ikiwa moja iko chini waziwazi kuliko mwenzake, mizunguko imegusana. Ikiwa haisomi chochote, waya umekatika. Kwa hali zote mbili mota hiyo iage, lakini ni hiyo moja tu, si zote sita. Zikisoma sawa, bado kuna matumaini: chungulia uone kama joto limepinda plastiki na kijiti cha chuma kimekwama upande mmoja. Hilo mara nyingine linarekebishika kwa subira na kisu kidogo.

Sasa LED zako mbili. Hizo hazikufa kwa bahati mbaya. Umeme wa AC unakwenda upande mmoja na kurudi wa pili mara hamsini kwa sekunde, na ile 16V iliyoandikwa kwenye kidhibiti ni wastani wa hesabu tu. Kilele chake kinafika volti 22 na zaidi. LED inapitisha umeme upande mmoja, na upande wa pili nyingi zimeandikiwa kustahimili volti 5 tu. Kila mzunguko ilikuwa inapigwa mgongoni mara nne ya uwezo wake. Ongeza na hili: koili ikikatiwa umeme ghafla, nayo inarudisha pigo lake kwenye waya zilezile. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, hata kabla ya mchoro wowote, ni kwamba taa zisiguse kabisa waya za mota. Zipe umeme wake.

Na huyo jamaa wa volti tatu? Kasema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayounguza. LED si globu. Globu ukiipa volti kidogo inafifia, ukiizidishia inang'aa. LED nyekundu haifanyi kitu mpaka ifike karibu volti 2, na ikishafika hapo, ukiongeza volti kidogo tu, mkondo unaruka. Za kijani za kisasa zinataka karibu volti 3. Kwa hivyo betri mbili mpya zitaiumiza nyekundu, na baada ya wiki chache, zikishachoka, kijani itakuwa hoi wakati nyekundu bado inawaka vizuri. Rezista, kile kijidude kinachobana umeme usipite ovyo, ndiyo inayoamua mkondo, na bila rezista hakuna anayeamua.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Tafuta adapta ya DC, umeme usiogeuka upande, ya volti 12. Ile ya ruta ya zamani inatosha kabisa, na kila nyumba ya Mombasa iliyowahi kubadilisha mtandao ina moja kwenye droo. Volti 12, toa 2 za LED, zimebaki 10. Ukitaka miliampea 10, gawa 10 kwa 0.010: omu 1,000. Joto kwenye rezista hiyo ni wati 0.1, kwa hivyo ya robo wati haitoki jasho. Lakini LED za siku hizi zinang'aa mno, na kwenye paneli ya chumbani miliampea 10 zitakuumiza macho usiku. Mimi ningeweka omu 2,200, upate miliampea nne na nusu. Kwa pointi sita, taa moja ikiwaka kwa kila pointi, jumla haifiki hata miliampea 30. Adapta ya ampea moja haitajua kama kuna kitu kimechomekwa.

Sasa tuje kwenye swali ambalo hukuniuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: unataka taa ikwambie nini? Kuna taa inayosema "kitufe kimebonyezwa", na kuna taa inayosema "ndimi zimefika". Watu wengi wanajenga ya kwanza wakidhani wamejenga ya pili. Siku kokoto moja ya tuta inapoingia kati ya ulimi na reli, taa ya kwanza itawaka kijani kwa raha zake, mtoto ataamini, na kichwa cha treni kitaenda kulala kifudifudi. Taa ya namna hiyo ni hasara kuliko kukosa taa, maana bila taa mtoto angeinama kuangalia.

Reli kubwa walishamaliza hoja hii zamani. Kwenye vyumba vya ishara vya mtindo wa Uingereza, ambao ndio ulioingia hapa na reli ya Mombasa iliyoanza kujengwa mwaka 1896, taa ya pointi kwenye paneli haichukui habari kutoka kwenye mkono wa mwendeshaji. Kuna kifaa kule kwenye pointi chenyewe kinachohakikisha ulimi umebana reli upande mmoja, ndipo herufi N au R inawaka: N kwa njia ya kawaida, R kwa njia iliyogeuzwa. Ulimi ukisimama katikati haiwaki N wala R iliyotulia, na treni haipewi ishara ya kupita. Tunachotaka mezani kwako ni hichohicho kwa bei ya watu.

Njia nyepesi ni swichi ya ziada inayoshikamana na mota. Peco wanatengeneza PL-13, kidude kinachovaliwa upande wa chini wa PL-10 na kusukumwa na kijiti kilekile kinachosukuma pointi. Kina miguu mitatu ya umeme: wa kati, na mmoja kila upande. Kwa kuwa mota zako ziko chini ya meza, unaweza kukipachika bila kung'oa reli yoyote. Waya zake zipange hivi. Chanya ya volti 12 izunguke chini ya meza kama waya mmoja, ikigusa mguu wa kati wa kila PL-13. Kutoka kila PL-13 zirudi waya mbili tu mpaka kwenye paneli, kila mmoja kwenye mguu mrefu wa LED yake. Miguu mifupi ya LED hizo mbili uiunge pamoja, ipite kwenye rezista moja, kisha iende hasi. Rezista moja kwa taa mbili inaruhusiwa hapa kwa sababu haziwaki pamoja kamwe. Usije ukachukua ruhusa hiyo ukaweka rezista moja kwa paneli nzima: taa zitagawana mkondo ovyo, na kila moja itafifia mwenzake anapowaka.

Kabla ya kununua, angalia pointi zako ni za aina gani. Ikiwa ni zile Peco walizoziita Electrofrog, ambazo kipande cha katikati pale reli zinapokatana ni chuma chenye umeme, huenda mjomba tayari ameweka PL-13 kwa ajili ya kukigeuza kipande hicho chanya na hasi. Swichi hiyo ina kazi yake, usiiombee taa lifti. Hapo utahitaji PL-15, yenye swichi mbili ndogo kwenye mwili mmoja: moja ya reli, moja ya taa. Ikiwa kipande hicho ni cha plastiki, huna haja nayo.

PL-13 ina aibu zake, nami sifichi. Inaongeza msuguano, na kidhibiti kilichochoka kinaweza kushindwa kusukuma mpaka mwisho. Dawa yake ni kisanduku cha kapasita kati ya kidhibiti na vitufe. Kinajikusanyia umeme polepole na kuumwaga wote kwa pigo moja unapobonyeza. Teke linakuwa zito zaidi, na faida yake ya pili kwako ni kubwa: kitufe kikiganda au mtoto akikikalia, kikishamwaga akiba yake mota inapata mkondo mdogo tu ambao hauwezi kuipika. Hata kama hutaweka taa hata moja, kisanduku hicho ningekununulia kwanza. Ila usikiweke halafu ukarudisha swichi ya kuwasha na kuzima. Vitufe virudi mahali pake.

Kwa mwenye mikono mitulivu kuna njia ninayoipenda zaidi. Ni swichi mbili ndogo za kubofya, moja kila mwisho wa ile fito inayoziunganisha ndimi, ukizisogeza mpaka kila moja ibofye pale tu ulimi unapokuwa umebana reli kabisa. Moja inawasha taa ya huku, nyingine taa ya kule. Ndimi zikikwama katikati, hakuna inayobofywa, na taa zote mbili zimezima. Hiyo ndiyo habari unayoitaka: giza maana yake kuna kitu kati ya reli, inuka ukaangalie. PL-13 haikupi habari hiyo vizuri, kwa sababu inafuata pini ya mota wala haigusi ulimi wenyewe.

Swichi hizo hazihitaji kuagizwa. Panya ya kompyuta iliyokufa ina mbili au tatu, laini za kutosha kuibofya bila kuishinda springi ya pointi. Nyingine zina miguu mitatu lakini mmoja ni wa kusimamia tu, hauna umeme ndani. Pima kwa mita kabla ya kuchomea. Mikrowevu nayo ina swichi nzuri kwenye mlango, ila hiyo usiifungue mwenyewe hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita yake inaweza kubaki na umeme wa kuua mtu. Mwombe fundi akuuzie ambazo ameshazitoa. Tena za mikrowevu ni ngumu. Jaribu kwa kidole kwanza usije ukaifanya pointi ishindwe kuruka.

Utasikia pia habari ya relei ya kushikilia, ile inayopigwa na umeme wa kitufe na kubaki pale ilipo mpaka ipigwe upande wa pili. Inafanya kazi, na uzuri wake ni kwamba kila kitu kinakaa nyuma ya paneli bila kutambaa chini ya meza. Lakini inakumbuka kitufe gani kilibonyezwa mwisho. Ndimi haizijui. Mtoto akisogeza pointi kwa mkono, na watasogeza, taa itakuwa inasimulia mambo ya jana. Ningeitumia tu kwa pointi iliyo mahali pasipofikika kabisa kwa chini. Kuna na mashabiki wa servo, yaani mota ndogo zinazoongozwa kwa programu, na vidubwasha vya kuiandikia. Ni kazi tamu kwa anayependa kompyuta, ila kwa pointi sita zenye mota nzima ni kununua ng'ombe kwa ajili ya chai ya leo. Na kuchota umeme wa taa kutoka kwenye reli zenyewe, sahau: volti pale zinapanda na kushuka kila unapozungusha kidhibiti, na zinageuka treni ikirudi nyuma.

Tortoise je? Aliyekushauri hakukosea kuisifu. Ni mota ya DC ya volti 12 inayosogeza ndimi taratibu kama reli ya kweli, inafika mwisho na kubaki imesukuma huku umeme unaingia, wala haichomeki kwa sababu ikiwa imesimama inakunywa miliampea 16 hivi, na ikiwa inatembea kama 4. Mkondo huo ni mdogo kiasi kwamba LED mbili zilizogeuziana mgongo zinaweza kuwekwa kwenye waya wa mota wenyewe, bila rezista, na taa inawaka kulingana na upande. Utaona kitu cha kupendeza: taa inafifia mota ikitembea, halafu inakolea ikifika. Watu wanauchukulia mkolezo ule kuwa ushahidi kwamba pointi imefika. Si ushahidi. Mota inasimama ikifika mwisho, na inasimama vilevile ikizuiliwa na kokoto. LED itakolea sawasawa. Ndani ya Tortoise kuna seti mbili za swichi zinazofuata mwendo wake, na taa ya kuaminika zaidi huchukuliwa huko.

Kwa hivyo ukinunua Tortoise, nunua kwa sababu unapenda ule mwendo wa polepole, si kwa sababu ya taa. Jua pia kwamba itabidi utoe springi kwenye kila pointi ya Peco, la sivyo mota na springi zitashindana kila mara, na ubadilishe vitufe vyote kwa swichi za kugeuza chanya na hasi. Ni kubomoa nusu ya kazi ya mjomba. Mimi nisingefanya hivyo wakati mota tano kati ya sita ni nzima.

Kuhusu rangi, nina neno. Kijani na nyekundu kwenye pointi zinawachanganya watoto, kwa sababu wameshajifunza barabarani kwamba nyekundu ni simama. Pointi iliyogeukia njia ya pembeni haijakataza mtu kupita. Imeelekea kwingine tu. Chora ramani ya reli kwenye paneli, toboa tundu moja kwenye kila tawi baada ya pointi, weka LED za rangi moja, njano au nyeupe, na iwake ile ya njia iliyo wazi. Mtoto wa miaka mitano atafuata taa kwa kidole bila kufundishwa. Na kuna watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani kabisa, wengine hawajijui. Ukishikilia kijani na nyekundu zako, sawa, lakini weka rezista ya ziada kwenye mguu wa kijani, kwa maana jicho linaiona kijani kali zaidi na nyekundu itaonekana mgonjwa kando yake.

Sasa mambo ya hapa kwetu. Tudor umezungukwa na maji, na hewa ya chumvi inaingia mpaka chumba cha juu. Swichi ya wazi kama PL-13 inafanya utando mwembamba kwenye chuma chake, na mkondo wa taa ni mdogo mno kuuchoma utando huo. Hapo ndipo unapata taa ambayo leo inawaka, kesho haiwaki, keshokutwa inawaka ukigonga meza. Swichi za kubofya zilizofunikwa zinavumilia zaidi, na hiyo ni sababu yangu ya pili ya kuzipenda. Ukichagua PL-13, ipanguse kwa spiriti safi na kijiti cha pamba kila baada ya miezi kadhaa, na ukae mbali na mafuta ya kupuliza ya baiskeli: yanateleza vizuri siku ya kwanza, kisha yanakusanya vumbi na sisimizi.

Kwenye solda, tafuta ile yenye rezini ndani yake, ya redio. Ile asidi wanayotumia mafundi wa mabati usiiruhusu ikaribie chumba hicho. Inashika haraka na inapendeza macho, lakini mabaki yake yanaendelea kula shaba, na kwa unyevu wetu utayakuta maungio yamegeuka kijani. Waya za taa unaweza kukata kwenye kebo ya intaneti. Ina nyuzi nane za rangi tofauti, na pointi zako sita zinataka nyuzi kumi na mbili na mmoja wa hasi, kwa hivyo vipande viwili vinatosha na vinabakisha. Andika namba kwenye kila ncha kabla ya kuiingiza chini ya meza. Baadaye hutakumbuka, niamini. Lakini uzi huohuo usiutumie kwa mota. Kwa mita nane za kwenda na kurudi utapoteza volti mbili na zaidi koili inapovuta, na teke litakuwa la mgonjwa. Mota zipe waya wa spika, milimita ya mraba 0.75 au moja.

Anza na pointi moja, ile ya mbele unayoifikia bila kulala chini. Iunge na uipime: sogeza ndimi kwa kucha kwanza bila kugusa kitufe, utazame taa zinabadilika. Kisha kwa kitufe. Kisha bana kipande cha karatasi nene kati ya ulimi na reli, ubonyeze uone taa inasema nini. Ikiwa umeweka swichi mbili na taa bado imewaka na karatasi imo, sogeza swichi nyuma kidogo mpaka izime. Ikipita mtihani wa karatasi, ndipo ushuke kwenye tano zilizobaki. Stima ikikatika na kurudi, taa zitawaka palepale ndimi zilipo, kwa sababu haziulizi kitufe.

Hasi ya adapta ya taa na waya wa kurudi wa 16V AC visiungane popote, hata kama vinapita kwenye tundu moja la paneli na unaona utaokoa waya. Ni vyanzo viwili tofauti, viache vitofautiane. Ukikuta taa inawaka hafifu kila unapobonyeza kitufe, vimegusana mahali fulani.

Kuna kazi moja ambayo usiifanye kwa maelezo yangu. Kidhibiti cha mjomba kina umri, na ndani yake upande mmoja ni volti 240. Kikiwa kinavuma kuliko zamani, kinapata joto bila treni kutembea, waya wake wa ukutani umepasuka ganda, au plagi yake imebadilika rangi, usikifungue. Usikitumie pia watoto wakiwepo. Kipeleke kwa fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, au kwa fundi wa redio unayemwamini, apime kama upande wa 240 haujavujia ule wa 16 na kama 16 hiyo haijapanda. Na kwa kuwa koili moja ilikaa kwenye umeme mpaka ikanuka, mwambie wazi ilikuwa hivyo. Transfoma ilibeba mzigo uleule muda wote huo, na inafaa iangaliwe kabla hujachomeka chochote tena. Mpelekee na mota iliyonuka kwenye mfuko huohuo. Ukiwa huna mita, ataipima ukiwa umesimama pale, na utajua kama unanunua moja au hununui.